Bahari ya Ukuta wa Bwalo

Mtu aliyenionyesha bahari kwa mara ya kwanza alikuwa mwoga wa maji. Mvua ikinyesha huko juu na mto wa msimu unaopita karibu na shule yetu, upande wa Siakago, ukateremka na matope yake, yeye alisimama ng'ambo na viatu mkononi akingoja mpaka mchanga uonekane tena. Wanafunzi tulivuka tukimpungia mkono. Wanawake wenye mizigo ya kuni walivuka. Mbuzi walivuka. Yeye alingoja. Alipofika darasani hatimaye, vipindi vyake vyote vya asubuhi vikiwa vimepita, alifuta vumbi kwenye kiti, akaketi, akasema, "Yale maji hayana adabu. Na mimi sibishani na mtu hana adabu."

Huyo ndiye aliyejaza viumbe wa baharini kwenye ukuta mrefu wa bwalo letu la chakula, kuanzia mlangoni hadi dirisha la kupakulia. Nimekula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu miaka yangu yote ya sekondari nikitazamwa nao. Tangu hapo nimekula mbele ya watu wengi, wengine wakiwa na shahada za kutisha, na hakuna aliyenikazia macho vile.

Tulimwita Mwalimu wa Kuchora. Ratiba ya shule ilimtambua zaidi kama mwalimu wa Kilimo, kwa sababu waliochagua Sanaa walikuwa wachache kuliko mbuzi wa shule. Kilimo alikifundisha kama mtu anayesoma tangazo la mazishi ya jirani asiyemjua: "Mbolea. Andikeni. Aina za mbolea." Kisha kengele ya Sanaa ililia, mgongo ukanyooka, sauti ikashuka, naye akaanza kutembea katikati ya madawati kama padri siku ya Ijumaa Kuu. Rangi alizijaribu kwenye paja la suruali yake, la kushoto tu. Mguu wa kulia ulikuwa wa mwalimu wa serikali, umepigwa pasi. Wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

Viumbe wake walitoka kabatini. Maabara ya shule ilikuwa na rafu ya chupa za kioo zilizoletwa zamani, kabla yetu, na mtu aliyeamini kwamba hakuna shule inayoweza kuendelea bila pweza. Hatukuwa na maji ya bomba, lakini farasi-bahari tulikuwa naye. Walielea ndani ya ile dawa inayochoma pua, wote wa rangi moja, rangi ya uji uliolala, maana dawa ilikuwa imewanyonya rangi zao zote. Mwalimu wa Bayolojia hakuwapenda. Alisema wanamharibia chakula cha mchana. Mwalimu wa Kuchora akawachukua mmoja mmoja, amewakumbatia kama anayetoa wagonjwa hospitalini, akawapanga kwenye dirisha la chumba cha Sanaa mahali ambapo jua la asubuhi lingewapata.

Kabla ya kutufundisha kuchora alitunyang'anya penseli. Alizikusanya zote ndani ya kofia yake, akaweka chupa moja mezani, akasema, "Angalieni." Basi. Kipindi kizima tukaangalia. Nje tulisikia wenzetu wa Biashara wakicheka. Hata wao walikuwa wanafundishwa kitu.

"Mwalimu, tumeshaona," alisema mmoja wetu aliyekuwa na ujasiri.

"Umeona nini?"

"Pweza."

"Hilo ni jina lake. Mimi nimekuuliza umeona nini."

Siku iliyofuata alificha chupa, akarudisha penseli, tukachora kile kilichobaki kichwani. Pweza wangu alitoka kama sufuria iliyoota mizizi ya muhogo. Mwalimu aliishika karatasi, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Nikaona anatafuta neno la huruma.

"Huyu umemwona, sikatai," akasema. "Shida ni kwamba ulimwona ukiwa na njaa."

Kuhusu rangi hakuwa na pa kushika, maana chupa hazikumwambia kitu. Mjini kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekulia kando ya bahari: mama wa bucha, Mwislamu aliyezaliwa Mombasa, akaolewa huku kwetu, akauza nyama ya mbuzi kwa ustadi ambao wanaume wa mjini walikuwa wamechoka kuuonea wivu. Siku moja nilikuwa pale, nimetumwa kununua matumbo ya chakula cha walimu, Mwalimu wa Kuchora akaingia na penseli nyuma ya sikio na mchoro mkononi.

"Mama, pweza ni rangi gani?"

Mama akaacha kisu. "Wa nazi au wa kukaanga?"

"Aliye hai."

"Hee! Mwalimu, mie pweza nimejuana naye sufuriani. Huko alikoishi kabla ya hapo ni siri yake."

"Basi huko sufuriani."

"Manjano. Manjano ya binzari, na wekundu wa nyanya kwa mbali." Akautazama mchoro aliokuwa ameushika Mwalimu, akagusa kwa ncha ya kidole kiumbe kimoja chenye pembe tano kama nyota. "Na huyu hapa, kwetu twamwita kiti cha pweza."

Mwalimu akashukuru, akaondoka bila kununua hata mfupa. Ndiyo sababu pweza wetu alikuwa wa rangi ya mchuzi wa nazi, na ndiyo sababu alikuwa ameketi, kwa heshima zake zote, juu ya kile kiumbe cha pembe tano kama mzee wa baraza kwenye kigoda, mikono minne ameikunja mbele na minne inaning'inia. Baadaye alirudi buchani kwa ajili ya yavuyavu, yule kiumbe wa kama mwavuli asiye na mfupa. Alitaka kujua vitu laini hujikunja vipi. Aliinua matumbo ya mbuzi mbele ya mwanga, akayageuza, akayageuza tena, mpaka mama akamuuliza kama amekuja kununua au amekuja kuposa.

Sasa, inafaa mtu wa mbali ajue kwamba watu wa huku hawakukua na samaki. Bibi zetu walimweka samaki katika kundi moja na nyoka, na mtoto aliyesema amekula samaki alitazamwa kama aliyesema amekula mjusi. Mwalimu alilijua hilo vizuri, na bado, karibu na dirisha la kupakulia, mahali ambapo kila mtu lazima apite na sahani yake, alimchora mkunga: mrefu, mzito, kinywa wazi, meno nje, anatoka kwenye tundu la mwamba.

Siku ya wazazi ilipofika, mkutano ulifanyikia bwaloni. Mwalimu mkuu alisoma hotuba, wazazi wakasoma ukuta. Alipouliza kama kuna maswali, bibi mmoja mwenye leso mbili akasimama. Alianza kwa Kimbeere, lugha ya huku, kisha, kwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa mtu wa mbali, akahamia Kiswahili ili asipate pa kujificha.

"Mimi nimeleta mjukuu hapa asome. Sasa mimi nauliza, hii njoka iko kwa ukuta, imekuja kusoma pia?"

Bwalo likaangua kicheko. Mwalimu wa Kuchora akasimama. "Shosho, hiyo si nyoka. Ni mkunga. Ni samaki."

"Na samaki si ni njoka ya maji? Hii ni ndefu, haina miguu, imefungua mdomo. Wewe ukiipata kwa choo utaiita samaki?"

"Ifutwe!" akasema mzee mmoja wa nyuma, na wengine wakaitikia kama kanisani. "Ifutwe!"

Mwalimu mkuu alipenda amani kuliko alivyopenda samaki. Akaahidi kwamba jambo hilo litashughulikiwa mara moja, wazazi wakapiga makofi, soda zikaletwa. Mwalimu wa Kuchora hakunywa yake. Jioni ile tulimwona akiingia bwaloni na ngazi na mikebe miwili, amefunga mlango nyuma yake.

Asubuhi tulipoenda kunywa uji, mkunga alikuwa bado yupo, meno yote nje. Lakini kichwani alikuwa ameota masikio. Masikio mawili marefu, yenye manyoya, yaliyolegea kidogo: masikio ya mbuzi.

Yule bibi alirudi siku ya kufunga shule kumchukua mjukuu wake, akaomba aonyeshwe. Alisimama mbele ya mkunga, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Njoka haina masikio," akakubali mwishowe. "Basi hii ni kitu ingine." Kesi ikafungwa.

Kwa upande wangu kesi hiyo iliendelea. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshahitimu chuo kikuu na kuvaa miwani ya kulithibitisha hilo, nilipanda na mke wangu mashua yenye kioo chini huko Mombasa. Kijana wa mashua alituonyesha mkunga amejibana mwambani. Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kama masikio ameyalaza kwa sababu ya baridi. Mke wangu akageukia upande wa pili, akawa ghafla anasafiri peke yake.

Mwalimu wa Kuchora alikuwa mtu wa majivuno, lazima niseme. Kuanzia Siakago mpaka Kiritiri, mabango ya bucha, hoteli na vinyozi yaliyosomeka vizuri yalikuwa ya mkono wake, kazi za likizo. Akikutana na bango la mtu mwingine alisimama katikati ya njia, akaliangalia kwa uchungu wa kweli. "Hii herufi imelewa," alisema. "Ona inavyoegemea mwenzake." Lakini ukimsifu kwa ukuta wa bwalo alikukata. "Ule? Ule ulikuwa mchezo tu, rangi zilibaki." Basi mbona kila mchana, iwe zamu yake au si yake, alisimama mwisho wa bwalo na kikombe kisicho na kitu, akihesabu kwa macho nani anautazama?

Samaki yeye hakula. Tilapia wa mabwawa walianza kufika soko la Kiritiri, na mwalimu mwenzake akamnunulia mmoja mzima, wa kukaanga. Akaisukuma sahani taratibu, akaagiza maharagwe. "Siwezi kula mtu nimemchora."

Na bahari hakwenda. Mwaka mmoja shule ilipanga safari ya Mombasa, na sote tulijua kiti cha kwanza ni chake. Asubuhi ya kuondoka alikuja na mkoba, akasimama mlangoni pa basi, akamwita mpishi aliyekuwa anatuaga kwa mwiko, akampa kiti.

"Mwalimu, mbona?" tukalia madirishani.

"Nikifika nikute nimekosea, itabidi nirudi nipake ukuta wote upya. Na nyinyi mtakula wapi?"

Tuliporudi hakutuuliza sisi chochote, alimuuliza mpishi. Mpishi akafikiri. "Ni maji mingi tu, Mwalimu. Na jua." Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama aliyepokea ripoti kamili.

Nimeishi Meru mjini sasa kwa muda mrefu, karibu na uwanja wa Kinoru, nafundisha kidogo na kuandika makala ambazo jamaa zangu huzisifu kabla hawajazisoma. Mwaka huu, kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani, kundi ambalo kwa kawaida ni la michango ya mazishi na picha za maua za asubuhi njema, mtu alituma habari kwamba mkuu mpya wa shule anataka ukuta wa bwalo uwe mweupe, uandikwe dira, dhamira na maadili ya shule, kama shule nyingine zote. Kundi likawaka. Watu ambao hawakuwahi kuandika zaidi ya "Amina" waliandika aya. Kisha wakauliza nani atakwenda kuzuia, na mtu akasema, "Si tuko na mwandishi?" Nilihisi fahari ambayo ilipaswa kunishtua.

Niliandaa hotuba yenye neno "turathi" sehemu nyingi. Mpango ulikuwa nimpitie Mwalimu wa Kuchora nyumbani kwake, twende ofisini pamoja, yeye alie kidogo, mimi nizungumze. Nikanunua kifungu kizuri cha miraa ya kumpelekea, nikashuka kupitia Embu. Nyumbani kwake nikaambiwa yuko shuleni. Nikafurahi: mzee amenitangulia vitani.

Nilimkuta bwaloni, juu ya meza, anaupiga ukuta msasa. Farasi-bahari alikuwa ameshaondoka mzima. Yavuyavu alikuwa nusu. Kope za mzee zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Mwalimu!"

"Profesa," akasema. Huwaita hivyo watu wote wenye shahada na wasio na shamba. "Umenona. Hiyo umebeba ni nini?"

"Nimekuletea miraa, kutoka Meru."

Aliitazama bila kushuka. Nilikuwa nimesahau kwamba naongea na mtu wa muguka, yale majani laini ambayo watu wa huku huyatafuna na kuidharau miraa ya Meru. "Hiyo ni kuni. Peleka jikoni."

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Nafanya kazi. Wewe umefutwa yako?"

"Lakini huu ni ukuta wako."

"Ni wa shule. Mimi niliazima."

Akashuka polepole, akaketi ukingoni mwa meza, akanieleza. Mkuu wa shule alikuja nyumbani kwake, akanywa chai, akaomba kwa adabu. Alitaka herufi nzuri. "Nikikataa angeleta wale vijana wa kubandika herufi kama plasta. Na wangepaka rangi ya maji juu ya hii ya mafuta, bila msasa. Mvua ya kwanza, ya pili, inabambuka. Pweza anachungulia kwa Dhamira na jicho moja. Watoto wanacheka." Akapangusa uso kwa mkono, akauchafua zaidi. "Mimi sitaki achekwe."

Nilimwambia bado tunaweza kuzuia. Nilimwambia kuhusu kundi, kuhusu zile aya. Nilitumia neno turathi, na katika lile bwalo tupu lilisikika kama kijiko kilichoanguka.

"Usiende ofisini," akasema. "Nimeshampa neno langu."

"Na wewe hauumii?"

"Naumia. Unafikiri naenda pole hivi kwa sababu ya uzee?"

Akakung'uta vumbi la msasa magotini. Kisha akasema, kana kwamba ni habari ya kawaida, kwamba binti yake alimpeleka Mombasa Desemba.

"Ukaenda!"

"Nilikaa mbali. Kwa kiti. Na viatu."

"Na ulikuwa umekosea?"

"Rangi, ndiyo. Masikio, hayo nilijua tangu mwanzo." Akautazama ukuta. "Lakini si hayo. Profesa, hakuna mtu aliniambia ina kelele. Mchana kutwa, haipumziki, inajirusha, inarudi, inajirusha. Yule mpishi alisema maji na jua. Mimi nilichora ile ya ndani ya chupa, na ndani ya chupa ni kimya. Mmekula miaka hiyo yote mbele ya bahari imenyamaza."

Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia: "Kelele tulileta sisi, Mwalimu. Bwalo zima, na vijiko vya bati."

Aliniangalia kwa muda kuona kama ninamfariji. Halafu akacheka, akakohoa vumbi. "Hiyo ni kweli. Mlikula kama vita."

Simu yangu ikatetemeka. *Umemzuia?* Akauliza ni nani.

"Wanafunzi wako. Wanataka kujua ukuta umefikia wapi."

"Waambie waje kesho waone wenyewe. Na waje na nguo za kazi. Msasa upo, ukuta ni mrefu, na mabega yangu si ya zamani."

Niliandika hivyo hivyo alivyosema. Kundi likanyamaza, na nikadhani wamerudi kwenye maua yao.

Kesho yake, Jumamosi, walikuja. Alikuja muuguzi kutoka Embu, mfanyabiashara wa muguka kutoka Kiritiri, mchungaji mmoja mwenye tumbo, walimu, dereva, na wengine ambao niliwatambua tu walipocheka. Mwalimu alianza kugawa vipande vya ukuta, "Wewe hapa, wewe pale," lakini hakuna aliyemsikiliza. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja mpaka mahali alipokuwa akikaa kula, akageukia ukuta.

"Toka, huyu kaa ni wangu," muuguzi alimwambia mchungaji. "Wewe ulikuwa meza ya huko mwisho, ya watu wa kuomba nyongeza."

"Dada, mbele za Mungu, nilihamishwa Fomu Tatu."

Mimi nilikuwa mtu wa kasa. Alikuwa pale pale, juu ya meza ya tatu, gamba lake limechorwa kwa mistari ya shamba lililolimwa. Nilimtazama kwanza, bila haraka. Halafu nikakunja msasa na kuanza na mkia.

Tulifanya kazi mpaka mchana. Vumbi lilitushukia la manjano, la kijani, la udongo, tukafanana wote. Mwalimu alipita nyuma yetu, hakutumia macho. Alifumba, akapitisha kiganja ukutani. "Hapa bado," akasema kwa muuguzi. "Hapa bado." Kwangu alisimama mara ya kwanza, akasema bado. Gamba alikuwa amelipaka rangi nzito sana enzi hizo, kila mstari ulikuwa na kingo. Nikaendelea. Akarudi, akasema bado, nami nikashukuru, nikaendelea kwa upole zaidi ya ule uliohitajika.

Alipokuja tena bwalo lilikuwa limetulia, wengine wakinywa chai mlangoni. Akaweka kiganja pale palipokuwa na gamba, akakipeleka kushoto, akakirudisha. Akakiacha hapo kwa muda, macho amefumba.

"Sawa," akasema. "Sasa ni ukuta."